Majani yameimeza miti ya mushitu wetu: tupige dawa au tuchome?

Swali: Mtaalamu, jambo. Sisi ni kikundi cha akina mama na vijana kando ya kijito kinachoshuka kwenye mto Kafubu, nje kidogo ya Lubumbashi. Mushitu wetu, yaani msitu wa kinamasi wa kijitoni, ulikwisha kwa makala (mkaa) na bustani za mboga. Mwaka juzi tukapanda tena miti, lakini sasa majani yameimeza: alizeti mwitu upande wa juu, nyasi ya motomoto katikati, matete na typha (nyasi ndefu za majini) upande wa maji. Kijana mmoja anataka tupige dawa eneo zima, mwingine anasema tuchome mwezi wa nane. Tufuate nani?

Jibu: Jambo sana, mama. Msimfuate yeyote kati ya hao vijana, ingawa nawashukuru kwa kuumia na kazi hiyo.

Nianze na moto, maana huo unaweza kuwamaliza kwa siku moja. Motomoto inatambaa chini ya udongo. Moto ukipita unakula majani tu, na muda si mrefu machipukizi yanachomoza, wakati mche wenu wa miaka miwili umeshakufa. Tena udongo mweusi wa mushitu ni majani na mizizi iliyooza nusu. Ukikauka, moto unaweza kushika chini kwa chini, ukafuka siku nyingi na kula mizizi hata ya mti mkubwa. Msipochoma ninyi, majirani watachoma. Kwa hiyo mwezi wa tano, nyasi zikiwa bado mbichi, fyekeni njia ya kuzuia moto, upana wa mita tano hivi, upande wa nchi kavu na mpalilie mpaka udongo uonekane.

Dawa nayo. Ile inayouzwa sana ni glifosati, na haichagui: jani lolote la kijani ikiligusa inashuka hadi mizizini, la mche wenu pia. Nyingi huchanganywa na sabuni ya kuifanya ishike jani, na sabuni hiyo inaua vyura na samaki wadogo. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka glifosati kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Mahali ambapo watu wa chini ya kijito wanachota maji, mimi sipigi.

Magugu yote mliyoyataja yanapenda jua. Kwa hiyo msihangaike kusafisha eneo zima. Hakikisheni kilele cha kila mche kinaona mwanga mpaka matawi yakutane, kisha kivuli kitafanya kazi ambayo jembe haliwezi. Palilieni duara la mita moja kuzunguka kila mche, mara mbili au tatu wakati wa mvua, kuanzia Novemba. Hamkuniambia mlipanda kwa nafasi gani. Kwa mita 3 kwa 3 hektari inabeba miti 1,111. Kwa 2 kwa 2 inabeba 2,500, na matawi yanakutana mapema zaidi. Penye pengo pandieni tena, hasa Syzygium cordatum, ambaye miguu yake ndani ya maji haimsumbui.

Alizeti mwitu, yaani tithonia, lilitoka Mexico na Amerika ya Kati. Lifyekeni kabla halijatoa maua, mwishoni mwa mvua, maana mbegu zake ni nyingi mno. Kipande cha shina kikianguka kwenye potopoto (tope) kinaota, kwa hiyo mashina yaanikeni juu ya mawe mpaka yavunjike mkononi. Majani yake msiyatupe: yana naitrojeni, fosforasi na potasiamu nyingi. Yatandazeni kuzunguka mche, mkiacha nafasi ya kiganja kutoka kwenye shina ili lisioze.

Motomoto msiikate, ilazeni. Chukueni ubao wa mita moja wenye kamba pande zote mbili, mtu anashika kamba, anakanyaga ubao na kusonga mbele, nyasi zote zikilalia upande mmoja. Nyasi iliyokatwa inachipua kwa nguvu. Iliyolazwa inajifunika yenyewe jua na inachelewa kuinuka. Fanyeni hivyo ikiwa ndefu, kwani fupi inanyanyuka tena.

Matete na typha ni wenyeji, msiwatangazie vita. Wanashika udongo na kuchuja maji. Waondoeni tu pale wanapoziba miche. Typha ikateni chini ya uso wa maji: mizizi yake inavuta hewa kupitia majani, na mabua yakijaa maji inakosa pumzi. Mkiikata juu ya maji, mmeipunguza nywele tu.

Kitu ambacho hamkukitaja, ila kikitokea msisubiri hata wiki: kichaka chenye miiba ambacho majani yake yanajikunja ukiyagusa, maua ya duara ya waridi, maganda yenye manyoya yanayoelea majini. Ni Mimosa pigra. Upande wa Zambia, kwenye mbuga za Kafue ndani ya Hifadhi ya Lochinvar, imefunika malisho mapana. Mbegu zake zinaweza kulala udongoni miaka mingi. Ing'oeni ikiwa changa, udongo ukiwa umelowa, na mzizi wote.

Mwisho, mama, tembeeni mtazame mifereji. Motomoto kusimama katikati ya mushitu inanipa shaka kwamba pale pamekauka, na mara nyingi chanzo ni mfereji wa zamani wa wakulima wa mboga. Uzibeni kwa mifuko ya udongo, hatua kwa hatua, wakati wa kiangazi. Kabla ya mfuko wa kwanza, kaeni na wenye bustani ambao bado wanalima kando yake, maana maji yakirudi juu, matuta yao ndiyo yatakayolowa kwanza.