Maswali ya Wasomaji: Vijana na Maktaba Mwaka Mzima

Swali: Salaam, mhariri. Natunza maktaba ndogo ya jamii. Januari tulianzisha kikundi cha kusoma cha vijana wa miaka 13 hadi 18, wakaja 30. Kufika Machi wamebaki wanne, na vitabu tisa havijarudi. Tufanyeje kikundi kidumu mwaka mzima?
*Mkutubi, Busia*

Jibu: Vijana hawakukukimbia, ndugu mkutubi. Shule zilifunguliwa. Kila mwanzo wa Februari wengi wa waliokuja Januari hubeba masanduku kwenda bwenini, na wanaobaki hurudi nyumbani jioni wamechoka. Ratiba moja kwa wote haiwezi kudumu Uganda. Uwe na vikundi viwili: kidogo cha wanafunzi wa kutwa, kila Jumamosi ya muhula, na kikubwa cha likizo.

Anza na kalenda ya Wizara ya Elimu na Michezo. Likizo ya Mei ni ya wiki tatu hivi, na ile ya kati ya Agosti na Septemba vilevile; ya Desemba na Januari hukaribia wiki nane. Kwa wiki tatu panga kitabu kimoja kisichozidi kurasa 100, yaani kurasa tano kwa siku. Riwaya nene iache hadi Desemba, la sivyo itaishia katikati. Kuanzia Oktoba watahiniwa wa kidato cha nne, na kuanzia Novemba wa cha sita, wamo katika mitihani ya UNEB, baraza la mitihani la taifa, kwa hiyo usiwapangie lolote, lakini majina yao yasifutwe. Waliomaliza kidato cha sita hukaa nyumbani tangu Desemba hadi vyuo vikuu vifunguliwe karibu na Agosti. Wape wawili wao ufunguo wa kabati na nauli, waendeshe kikundi cha Jumamosi. Wadogo huwauliza mambo wasiyothubutu kutuuliza sisi wazee.

Kipindi kiwe cha saa moja, vijana wasizidi 12, kwa nakala sita za kitabu kimoja, wawili wawili. Dakika 10 za kwanza mmoja asome kwa sauti na akome hadithi inaponoga. Dakika 20 zifuatazo ni za kusoma kimya. Anayesoma maneno 100 kwa dakika atafikisha 2,000, kama kurasa nane. Chagua hadithi fupi za urefu huo, ili aliyekosa wiki iliyopita asijikute ameachwa. Mvua ikipiga mabati, anzeni na kusoma kimya, maana sauti haitasikika.

Kisha dakika 20 za mazungumzo, na hapa ndipo vikundi vingi huharibika. Kiongozi akiuliza "Hadithi inatufunza nini?" vijana hujiona wamerudi darasani, wakainamisha vichwa. Aulize jambo lisilo na jibu moja: "Ungekuwa wewe, ungemwambia mama ukweli?" Halafu anyamaze, ahesabu moyoni hadi kumi kabla ya kusema tena. Mara nyingi mtu huanza kujibu akifika saba au nane. Dakika 10 za mwisho ni za kuazima. Mmalize kabla ya saa kumi na moja jioni. Binti akifika nyumbani gizani, Jumamosi ijayo hataruhusiwa.

Hivyo vitabu tisa huenda vimo katika masanduku bwenini. Tarehe ya kurudisha isiwe siku ya kufungua shule, iwe siku tano kabla, ili upate muda wa kumpigia mzazi. Kijana aazime kimoja kwa siku 14, na daftari lionyeshe jina, namba ya kitabu, tarehe na simu ya mzazi. Amana usitoze, kwa sababu itamzuia yule yule asiye na kitabu hata kimoja kwao. Ukurasa uliochanika uunge kwa gundi nyeupe na karatasi nyembamba. Selotepu hugeuka njano, ikabanduka na maandishi.

Swali: Kwetu vijana hujaza viti kwa ajili ya kusoma madokezo ya shule tu. Hadithi hawagusi. Tuwawekee zawadi?
*Msomaji, Kasese*

Jibu: Zawadi ya kuhesabu vitabu huzaa majina marefu daftarini na vitabu visivyofunguliwa. Mwenye madokezo usimwondoe; kwao huenda hakuna taa wala meza. Kando ya meza hizo weka rafu ya vitabu 15, majalada yakitazama nje, na uvibadilishe kila wiki mbili. Anayepumzisha macho ataokota kimoja. Cha jalada lililofifia usikiweke hapo, hata kiwe kizuri vipi.

Swali: Tusome kwa Kiswahili au Kiingereza?
*Mwalimu, Arua*

Jibu: Kijana achague mwenyewe, na lugha ya nyumbani isisahaulike. Kiswahili kinahitaji nafasi ya wazi: Baraza la Mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi Julai 2022, nacho hufundishwa sekondari, lakini wengi hukutana nacho katika sarufi tu. Anzeni na tamthilia fupi, kila mmoja apewe mhusika wake. Anayesitasita apewe mwenye sentensi chache, naye azipate siku mbili kabla ili azizoee.