Bekho inavuja oili ya gia boksi: kabla ya kuishusha

SWALI: Shikamoo fundi. Nina bekho, JCB 3CX ya zamani, tunachimbia mitaro ya mabomba. Oili inadondoka pale injini inapoungana na gia boksi, kila asubuhi nakuta kidimbwi. Fundi wangu anataka kushusha gia boksi abadilishe sili ya mbele, ule mpira wa kuzuia oili isitoke pembeni mwa shafti. Nimruhusu?

JIBU: Marahaba. Asifungue hata bolti moja kwanza. Nimeona gia boksi zikishushwa, sili mpya ikawekwa, na oili ikaendelea kudondoka palepale kwa sababu haikuwa ikitokea pale. Oili huteremka ubavuni mwa chuma hadi pa chini kabisa, ndipo hudondoka.

Kuna jambo hukulitaja, nalo ndilo kubwa: oili kwenye gia boksi inapungua au inaongezeka? Ndiyo, inaweza kuongezeka. Kwenye mashine yako pampu ya haidroli imefungwa nyuma ya gia boksi. Sili ya shafti yake ikichoka, oili ya haidroli huingia ndani ya gia boksi. Hapo gia boksi hujaa kupita kiasi, gia huikoroga oili mpaka inapata moto na kutoa povu, kisha inatokea kwenye tundu la kupumulia na kuchuruzika chini. Ukiona tangi la haidroli linapungua bila mpira wowote wa haidroli kuvuja, huku kijiti cha kupimia oili ya gia boksi kikionyesha oili juu ya alama, cha kufungua ni pampu. Fundi apitishe ukucha kwenye shafti, pale sili inapokaa. Akigusa mfereji, sili mpya haitadumu. Halafu mwaga oili yote ya gia boksi, badilisha na filta, uweke oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Klachi za ndani hazikutengenezewa oili ya haidroli, zitateleza.

Kama oili inapungua, safisha tundu la kupumulia. Likiziba, presha ya ndani husukuma oili hata kwenye sili nzima. Osha gia boksi kwa dizeli, ikaushe, fanya kazi nusu saa, kisha mulika kwa tochi utafute unyevu unakoanzia. Kabla ya kuingia chini, zima injini, teremsha ndoo zote ardhini na weka magogo imara. Tafadhali, usilale chini ya mashine inayoshikiliwa na miguu ya haidroli peke yake.

Oili ikitoka kwenye tundu la chini ya kasha la flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), tazama rangi. Nyeusi tii mara nyingi ni ya injini. Ikifanana na ile ya kwenye kijiti cha gia boksi, fundi wako yuko sahihi, ishusheni. Mkiishusha, badilisheni na sili ya nyuma ya injini, kagueni na bushi, ile pete ambamo shafti huzungukia, maana iliyolika huua sili mpya. Wakati wa kurudisha, tokikonveta (kile chombo cha duara kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi kwa oili) iingie mpaka mwisho kwa mkono. Msiivute kwa kukaza bolti, mtavunja pampu ya gia boksi.