Ukikwama kwenye mfuatano wa sehemu, zirudishe zilivyokuwa

1/2, 3/5, 2/3, 5/7, ... ipi inafuata?

Swali hili nilikutana nalo kwenye jaribio la usaili. Nikaziangalia asili (namba za chini) peke yake: 2, 5, 3, 7. Namba tasa tupu! Nikajiona mjanja, nikaandika 11 chini, na juu nikabahatisha 7. Nikakosa.

Jibu ni 3/4. Nyumbani nilijaribu kuzipa zote asili moja. KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa asili zote) ni 210, nikapata 105, 126, 140, 150 juu. Zinapishana kwa 21, 14, 10, yaani hamna kitu. Nilikuja kung'amua baadaye sana kwamba mtungaji alianza hivi: 2/4, 3/5, 4/6, 5/7, 6/8. Kiasi (namba ya juu) kinapanda moja moja, asili nayo vivyo hivyo. Kisha akarahisisha kila iliyorahisishika, na mpangilio wote ukafichika.

Ndiyo maana siku hizi, kabla ya hesabu yoyote, naziwinda sehemu zilizofupishwa. Asili zikipanda, zikashuka ghafla, halafu zikapanda tena, hiyo iliyoshuka naishuku. Naizidisha juu na chini kwa 2, ikigoma kwa 3, mpaka ikae sawa na jirani zake. Hapo juu, 2/3 imebanwa kati ya 3/5 na 5/7. Ukiiandika 4/6 mambo yanajipanga yenyewe.

KDS siidharau, ina mahali pake. Chukua 1/2, 2/3, 5/6, 1. Hiyo 1 huwababaisha wengi kwa kuwa haifanani na wenzake, kumbe ni 6/6. Kwa asili ya 6 unapata 3/6, 4/6, 5/6, 6/6, kwa hiyo inayofuata ni 7/6. Sehemu guni, yaani yenye kiasi kikubwa kuliko asili, nayo ni jibu, usiikimbie.

Tofauti zisipolingana, gawanya. Kwenye 3/4, 1/2, 1/3, 2/9, gawanya ya pili kwa ya kwanza: 1/2 ÷ 3/4 ni 2/3. Ya tatu kwa ya pili, 2/3 tena. Basi 2/9 × 2/3 = 4/27. Lakini usiridhike na jozi moja tu; kanuni ipite kwenye jozi zote ndipo uiamini. Mimi na namba tasa zangu sikuwa nimejaribu hata moja.

Pengo likiwa katikati, anza upande wenye namba nyingi zinazofuatana, kisha hakiki kwa upande wa pili.

Halafu kuna kosa jingine ambalo hadi leo linanichekesha. Siku moja nilipata 6/9, nikaitafuta kwenye majibu manne, haipo. Nikafuta kazi yote nikaanza upya, dakika zinayoyoma. 2/3 ilikuwa pale pale, kwenye C.