Shosti yetu kasema kemo basi, tumsaidieje?

SWALI: Shikamoo dada, pole na majukumu. Sisi ni wanawake kumi na moja wa kikoba kimoja huku Mbagala, tumeanza wote watoto wetu wakiwa chekechea na sasaivi wengine wako sekondari, yaani tushakuwa ndugu. Mwenzetu mmoja mwishoni mwa mwaka jana alijipapasa akakuta uvimbe kwenye ziwa la kushoto, akaenda kupima, kikachukuliwa kinyama, majibu yakaja ni kansa. Ziwa limetolewa na tezi za kwapani pia, sasa yuko kwenye kemo, zile dripu za dawa za kansa, pale hospitali ya Ocean Road, kaambiwa nane, kila baada ya siku 21. Ya kwanza tulimsindikiza karibu wote na kanga za sare. Ya pili ikampiga vibaya, katapika siku tatu, nywele zimetoka zote, na mkojo ulitoka mwekundu akajua anakojoa damu. Ya tatu ni wiki ijayo na yeye anasema haendi, basi, bora afe na nywele zikiota. Kwenye grupu hajibu. Tunamtumia maombi, voisi za mahubiri, picha za maua za asubuhi, tunaona tu tiki za bluu kisha kimya. Alafu kuna mwenzetu, nia yake nzuri kabisa, kaleta unga wa majani ya mstafeli anasema kuna mtu kaupiga miezi mitatu kapona bila kemo. Tunamtia moyo kila siku lakini naona kama ndo tunazidi kumfukuza. Tunakosea wapi?
Mwanakikoba, Mbagala

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika pale "haendi, basi" nasimama, maana hayo maneno nilishayatoa mimi kwa mdomo wangu, nimekaa sakafuni mlangoni kwa choo na beseni mapajani. Kwahiyo nakujibu kama mtu aliyekuwa upande wa pili, huko aliko shosti yenu sasaivi.

Naanza na mkojo. Kuna dawa ya kemo ya ziwa ambayo yenyewe ni nyekundu kama juisi ya rozela, inaitwa doxorubicin, na ikiingia mwilini mkojo unaweza kutoka mwekundu au wa chungwa siku moja hivi mpaka mbili. Hiyo ni rangi ya dawa inatoka. Pengine aliambiwa, lakini siku ya kwanza unakaa pale unaitikia tu ndio daktari, ndio nesi, na hakuna hata neno moja linalobaki kichwani. Mwambieni leo hii, maana mtu anayeamini anakojoa damu ana haki ya kukataa kurudi. (Ikiendelea kuwa nyekundu zaidi ya hapo, au anasikia maumivu, hiyo aripoti.)

Pili kutapika. Kutapika siku tatu mfululizo sio kitu cha kuvumilia kimya kimya ili uonekane jasiri, ni kitu cha kumwambia daktari kabla dripu ya tatu haijafungwa, kwasababu dawa za kuzuia kutapika zipo za aina zaidi ya moja na anaweza kuongezewa au kubadilishiwa. Sisi wanawake tunaingia pale tunaulizwa unaendeleaje tunasema namshukuru Mungu, tumemaliza! Hapa ndo mnapohitajika. Mmoja wenu aende na daftari, limeandikwa katapika siku gani, mara ngapi, kala nini kikakaa, vidonda mdomoni vipo au havipo, alafu yeye akisema namshukuru Mungu wewe fungua daftari usome. Nina hakika nusu ya "siendi" yake ni kwamba anadhani ya tatu lazima iwe kama ya pili.

Mstafeli sasa, na msimgombeze mwenzenu aliyeuleta. Ni kweli maji ya majani yake yamewahi kuua seli za kansa maabara, kwenye kisahani. Lakini vitu vingi sana vinaua seli kwenye kisahani, na kwa binadamu hakuna uthibitisho kwamba mstafeli unaponya kansa. Tena kule Guadeloupe, visiwa vya Karibi, madaktari waliwaona watu waliotumia sana mstafeli kwa muda mrefu wakipata ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaofanana na Parkinson, ule wa kutetemeka na mwili kukakamaa. Tunda lake ale akitamani, lioshwe vizuri basi, ila unga na machai ya majani aache, na kama ameshaanza kunywa amwambie daktari bila kuona aibu. Na akisema hizo kemo ni sumu za wazungu, dawa za miti ni za asili, mpeni hii: kwenye kemo nane za ziwa mara nyingi zile za mwisho ni paclitaxel, na paclitaxel ilitoka kwenye ganda la mti, mti unaota magharibi ya Marekani. Walilichukua lile ganda mwaka 1962 na dawa ikaja kuruhusiwa 1992, miaka thelathini wanaipima, kiasi gani kinaua kansa na kiasi gani kinamuua mtu. Kwahiyo ya mti atapewa, imepimwa, kwa urefu wake na uzito wake yeye.

Haya tuje kwenu. Mnauliza mnakosea wapi, na mimi sioni kosa la moyo hapo, naona watu kumi wanaongea kwa wakati mmoja na mtu ambaye hana nguvu ya kuinua simu. Kila voisi ya "utapona tu, kuwa jasiri, usilie" inamdai jibu. Alafu ukishaambiwa usilie, ukitaka kulia unamlilia nani? Mimi marafiki zangu wa maneno niliwakwepa mpaka nikawa nazima simu. Mmoja alikaa kitandani kwangu akanisimulia shangazi yake alivyokufa kwa kansa hiyo hiyo, mwanzo mpaka mazishi, na hakuwa na nia mbaya.

Waliobaki ni watatu. Jirani alikuwa anaingia na beseni lake, anauliza "maji yapo?", anafua, anaanika, anaondoka. Mwingine alikuwa anakuja kulala tu, kweli, analala pembeni yangu mchana kama mtoto, na mi nikisikia anakoroma nilikuwa nasikia niko na mtu. Na wa tatu ndo nimtaje kwa shosti yenu. Siku ya kemo ya nne nilishaapa siendi. Saa kumi na moja alfajiri akagonga, kavaa kabisa, akakaa ukingoni mwa kitanda akasema, "sikulazimishi, nimekuja kukaa na wewe, ila bajaji nimeshailipa iko nje itasubiri mpaka saa moja". Hakuongeza neno. Tukakaa gizani tunasikia dereva anawasha redio. Saa kumi na mbili na nusu nikaanza kutafuta ndala zangu.

Kuna utafiti mkubwa wa wauguzi wa kike wa Marekani, ulichapishwa 2006, uliwafuatilia waliopata kansa ya ziwa wakakuta wasio na watu karibu walikufa zaidi kuliko waliokuwa na ndugu na marafiki. Lakini pia kuna tafiti zilizojaribu kuwakusanya wagonjwa kwenye vikundi vya kutiana moyo, maumivu na huzuni vikapungua, umri haukuongezeka. Mimi navyoelewa kwa niliyopitia, rafiki haponyi kansa, rafiki anakufikisha kwenye dozi inayofuata. Mtu akikatiza katikati, kansa iliyokuwa inabanwa inapata nafasi. Kazi yenu nyie kumi ni tarehe zake, zile sita zilizobaki, asikose hata moja kwa kitu ambacho nyie mngekiweza, iwe nauli, iwe mtoto hana wa kumwachia, iwe uoga.

Kwahiyo gaweni. Msiende msafara tena, aende nae mmoja, mwenye uvumilivu wa kukaa, maana ni kupimwa damu kwanza, kusubiri majibu, alafu dripu masaa. Pale Ocean Road angalau kuna upepo wa bahari, majengo yale ya Wajerumani yapo tangu 1897, sisi tulikuwa tunahesabu boti za Zanzibar zinavyopita. Siku chembe nyeupe za damu, zile za kinga, zikiwa chini ataambiwa arudi baadae, hiyo inavunja moyo kuliko kemo yenyewe, na hapo asiwe peke yake. Wengine wachukue siku nne tano zinazofuata. Vitunguu vikaangwe mbali maana harufu inamtapisha, vyakula vilivyopoa havinuki sana, kidogo kidogo, na akilalamika mdomo una ladha ya chuma mpeni kijiko cha plastiki. Ndoo za maji asibebe kwa mkono wa kushoto, tezi zimetolewa, mkono unaweza kuvimba na usirudi. Atakayesafisha matapishi siku mbili za kwanza avae glovu, dawa bado inatoka mwilini, lakini kansa haiambukizi, kuleni nae sahani moja mlale nae kitanda kimoja.

Na hili naomba mliandike ukutani kwake. Kuanzia kama siku ya 7 mpaka ya 14 baada ya kila kemo kinga yake inakuwa chini kabisa. Mwenye mafua asiingie. Mnunulieni kipimajoto kwa hela ya kikoba, ikifika digrii 38 ni hospitali, hata saa nane usiku, sio panadol alafu tuone asubuhi. Homa ya mtu wa kemo inaweza kumuondoa ndani ya masaa.

Nywele zitaota. Mwambieni siku moja, msirudie. Na grupu fungueni jingine la kwenu kumi la kupanga zamu, yeye muacheni kwenye la zamani kimya, atarudi kusoma meseji zikiwa mbili kwa wiki na sio arobaini.

SWALI: Dada mimi ni dereva wa lori, mwenzangu tuliyekuwa tunapokezana safari ya Tunduma ana kansa ya koo, anapigwa mionzi. Miezi miwili sijaenda kumuona. Sio roho mbaya, naogopa, sijui nitaongea nini, na kuna mtu kasema mionzi inabaki mwilini kwahiyo usimsogelee na watoto.
Dereva, Kibaha

JIBU: Kaka yangu, kama ni mionzi ya mashine, ile unalala inakupiga kwa nje, mashine ikizimwa imeisha, hana mionzi ya kukupa wewe wala mtoto. Mshike mkono kabisa. La kuongea lipo, mwambie nilichelewa, niliogopa, nisamehe, alafu mpe habari za barabara, mizani, nani kabadilisha gari, amekaa miezi miwili anaongelewa koo lake tu, anatamani kusikia kitu kingine. Usimbebee nyama choma, kumeza kunauma, uliza nyumbani anapitisha nini, mara nyingi ni uji mwepesi au supu iliyochujwa. Kaa nusu saa. Mionzi ni Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki na wiki, na kinachowachosha wengi ni kwenda na kurudi kila siku, kwahiyo kabla hujaaga muulize Jumatatu nani anampeleka.