Aliyelia ni mkanda, aliyemliza ni puli

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: ni kitu gani ulikitengeneza mwenyewe baada ya fundi kushindwa? Changu ni kelele ya Corolla 110, ingawa neno "mwenyewe" nitalipunguza huko mbele.

Altaneta, ile inayochaji betri, ilikufa, nikanunua nyingine ya mtumba, ikafungwa. Tangu siku ile, nikiwasha gari tu, chwi-chwi-chwi, kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Fundi akasikiliza, akasema, "Dada, feni belti imekwisha." Tukafunga mpya. Siku tatu kimya, kisha kifaranga akarudi. Akasema huo mkanda ni feki, nikanunua wa bei mbaya. Huo nao ukamaliza wiki. Mara ya tatu aliupaka sabuni ya mche, akaivuta altaneta mpaka mkanda ukakaza kama uzi wa gitaa. Hapo nikaogopa. Mkanda uliokazwa kupita kiasi unakula beringi za altaneta na za pampu ya maji, na pampu ikifa injini inachemka.

Jina "feni belti" lenyewe linapotosha, maana feni ya rejeta kwenye gari hili inazungushwa na umeme, mkanda hauigusi kabisa. Lakini nendeni gereji yoyote muulize mkanda wa altaneta, mtajibiwa, "Unataka feni belti?"

Jioni nikampigia mjomba, aliyeendesha malori mpaka akastaafu. Baada ya shikamoo na marahaba aliniuliza swali moja: unalia kwa kirefu au kwa vipande? Mlio mrefu, hasa ukikata usukani hadi mwisho au ukiwasha taa na AC asubuhi yenye unyevu, ni mkanda unaoteleza: umelegea, umechakaa, au umemwagikiwa oili. Mlio wa vipande vifupi vinavyofuata mwendo wa injini, hapo shuku puli, yale magurudumu madogo yanayopitiwa na mkanda, hazijakaa mstari mmoja.

"Sasa urushie mkanda maji kidogo upande wa ndani wenye mifereji, injini ikiwa inaunguruma, mkono ukae mbali. Ukizidi kupiga kelele, umelegea. Ukinyamaza kidogo halafu ukarudia, mwanangu, achana na mkanda."

Jumamosi nikavua kanga shingoni, nikafungua boneti, nikarusha maji kwa chupa. Kimya. Nikahesabu mpaka sita, kifaranga huyo.

Nikazima injini, nikaacha ipoe, nikalaza rula ya chuma ubavuni mwa mkanda kutoka puli ya pampu kwenda ya altaneta. Kwenye pampu mkanda na rula viligusana. Kwenye altaneta palibaki uwazi wa kama milimita 3. Ukingo mmoja wa mkanda, huo mmoja tu, ulishaanza kutoa nyuzi. Bahati nzuri altaneta ya zamani nilikuwa sijawauzia watu wa skrepa. Nikaifungua ya mtumba, nikaziweka mbili sakafuni: mifereji idadi ile ile, ila puli ya hii ya mtumba imechomoza zaidi.

Nati ya puli ilinishinda, inataka mashine ya upepo, hivyo niliirudishia ya mtumba garini, nikarudi kwa fundi yule yule na altaneta zote mbili. Sikumweleza kitu. Nilimpa rula. Alilaza, akainama, akakaa kimya kidogo, akasema, "Aisee." Kuhamisha puli ya zamani kwenda altaneta ya mtumba hakukufika robo saa. Kisha akakaza kwa kiasi, yaani ukibonyeza kwa kidole gumba katikati ya sehemu ndefu, mkanda unabonyea kama sentimita 1.

Ule wa bei mbaya, wenye sabuni na nyuzi, tuliutupa. Tulichofunga ni kile alichokiita feki. Kina miezi saba, na hakijalia.