Kasha la aluminiamu na sumaku isiyookota kitu

SWALI: Shikamoo fundi. Nimepata kasha la kompyuta la aluminiamu lililotumika, lina matundu mawili ya feni za milimita 80 kwa mbele. Muuzaji anasema aluminiamu inaipooza kompyuta yenyewe, tofauti na chuma. Nataka nilinunue, kisha nitoboe juu nifunge feni ya milimita 120. Je, ni kweli? Na nitoboeje nisiliharibu?

JIBU: Marahaba. Muuzaji hakudanganya, ila amekuuzia nusu ya habari. Aluminiamu hupitisha joto vizuri kuliko chuma, lakini prosesa yako haigusi ukuta wa kasha. Joto lake hutoka kwa hewa, na hewa huhitaji mlango wa kuingilia na wa kutokea. Ukuta unaambulia vuguvugu tu. Linunue kwa sababu nyingine: ni jepesi, kwani aluminiamu ina uzito wa kama theluthi moja ya chuma cha ujazo uleule, halishiki kutu, na msumeno wa kawaida unalikata.

Kabla hujatoa pesa, nenda na tepu ya kupimia na skrubu mbili. Bodi kuu ya kompyuta ya ATX, yaani ile ya ukubwa wa kawaida, ni milimita 305 kwa 244, na kadi ya picha inahitaji urefu wake, hasa kwenye makasha ya zamani ambayo kizimba cha diski kimejaa mbele. Angalia pia pawa saplai imekaa wapi. Ikiwa iko juu kwa nyuma, feni yako itabidi isogee mbele yake, na feni yenyewe ina unene wa milimita 25.

Skrubu ni za nini? Kompyuta inatumia aina mbili: M3, yaani ya milimita 3, yenye meno laini, na ile ya inchi, 6-32, yenye meno makubwa. Mtu mwenye haraka hulazimisha moja kwenye tundu la nyingine. Kwenye chuma utasikia ugumu ukaacha. Kwenye aluminiamu skrubu inakula meno ya tundu, inaingia vizuri kabisa, halafu haikazi tena. Zungusha kila moja kwa vidole. Matundu matatu yakiwa yamekufa, mimi ningeliacha.

Sasa kutoboa. Toa kila kitu ndani, na ninaposema kila kitu ninamaanisha hata ile skrubu ya mwisho. Mimi niliwahi kuona uvivu. Nikaifunika bodi kwa nailoni, nikakata juu yake, nikamaliza nikapitisha sumaku kila kona. Ikatoka safi, nami nikafurahi. Sumaku haishiki aluminiamu! Nililijua hilo tangu shuleni, siku hiyo likanitoka. Chembe moja nyembamba kama kucha ya mtoto ilikuwa imelala katikati ya pini mbili karibu na soketi ya kumbukumbu. Nilipowasha, feni ilizunguka nusu duara ikazima, na bodi haikuamka tena.

Bandika tepu ya karatasi juu na chini ya bati, uchore juu yake. Bila hiyo, kitako cha msumeno wa umeme kitachuna ile rangi. Ile si rangi ya kupaka, ni ganda la oksidi, na mchubuko wake haurudishwi kwa brashi. Matundu manne ya skrubu yaachane milimita 105 kutoka kati hadi kati, na duara la katikati liwe na kipenyo cha milimita 114 hivi. Weka ubao chini ya bati ubane vyote pamoja. Paka nta ya mshumaa kwenye msumeno, maana aluminiamu hunata kwenye meno. Tupa ya kulainishia kingo nayo hujaa upesi, kwa hiyo isugue chaki kwanza. Kingo zikishalainika, osha kasha kwa maji na sabuni, ulikaushe hadi ndani ya mikunjo.

Feni ya juu iwe ya kutoa hewa, kwani hewa ya moto yenyewe inapanda.

SWALI: Kasha langu la aluminiamu linavuma kama nyuki tangu niweke diski ya pili. Lina ubovu?

JIBU: Halina. Bati ni jembamba na jepesi, kwa hiyo mtikisiko wa diski mbili linaufanya ngoma. Weka pete za mpira kati ya diski na kizimba. Kisha, kompyuta ikiwa inawaka, bonyeza ubavu wa kasha kwa kiganja. Mvumo ukinyamaza, kaza skrubu za ubavu huo au ubandike kipande cha mpira kwa ndani.