Chunusi na joto la Moshi: punguza vitu usoni

Mwenye chunusi akiniuliza anunue nini, huwa namuuliza kwanza aache nini. Naishi Majengo, mjini Moshi, ngozi yangu ni ya mafuta tangu sekondari, na joto la Januari mpaka masika yaanze nalijua: saa nne asubuhi paji la uso linang'aa kama andazi lililotoka karaini. Kwa hali hii uso unataka vitu vitatu tu, cha kuoshea, cha kulainishia na cha kukinga jua. Dawa inafuata baadaye.

Osha asubuhi na usiku, basi. Sabuni nyingi za kipande zina alkali, wakati ngozi ina asidi kidogo, hivyo ukitoka bafuni uso unavuta na mkono unakimbilia mafuta ya mgando usije ukaambiwa umepauka. Tafuta sabuni ya maji ya uso, isiyo na manukato. Jasho la mchana linaondoka kwa maji matupu na leso safi, unagandamiza bila kusugua. Dodoki libaki la miguu.

Kwenye mafuta najua nitagombana na mama zetu. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa mengi, ila kwa ngozi ya chunusi huziba vitundu. Angalia pia nywele: ukishasuka na kupakwa mafuta, jua likiwaka yanashuka na jasho, ndiyo maana wengine vipele vinajipanga pembezoni mwa nywele tu. Usoni paka losheni nyepesi au ya jeli.

Losheni ya jua wengi tunaona ni ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao hata hapa hospitali ya KCMC hutengenezewa ya kwao. Sisi wengine hatuungui haraka, kweli, lakini chunusi ikipona inaacha doa jeusi na jua linalikoleza doa hilo. Chukua yenye SPF 30 au zaidi, hicho ni kipimo cha nguvu ya kukinga jua. Nyingine zinaacha weupe wa majivu, kwa hiyo jaribu kidogo kwenye taya, toka nje ya duka ujitazame juani kabla hujalipa.

Dawa anza na moja. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 inawatosha wengi, ya 10 inakausha tu zaidi. Ina tabia moja: inafifisha rangi ya kitambaa, kwa hiyo foronya iwe nyeupe na kanga nzuri ikae mbali. Adapalini ya asilimia 0.1 hupakwa usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, mwanzoni usiku mmoja ndiyo mwingine hapana. Mjamzito asiiguse. Wiki za kwanza uso unaweza kuchafuka zaidi, na matokeo ya kweli huonekana kati ya wiki 8 na 12. Wengi wanaacha wiki ya tatu.

Hapo ndipo mkorogo unapowapata. Tyubu zenye betamethasoni au klobetasoli, ambazo ni dawa kali za steroidi, zinafifisha vipele ndani ya siku chache, kila mtu anakusifia, ukiacha vinarudi kwa hasira huku ngozi imeshakuwa nyembamba. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na bado utauziwa kwenye kikopo kisicho na lebo.

Kuna vipele vingine vidogo, vyote saizi moja, vinavyowasha sana kwenye paji la uso, kifuani na mgongoni. Hivyo mara nyingi ni fangasi anayependa jasho, na dawa za chunusi hazimsumbui. Ukiwa navyo, au una majipu makubwa yanayouma na kuacha mashimo, nenda kwa daktari wa ngozi. KCMC pana kituo cha magonjwa ya ngozi tangu 1992. Beba kila unachopaka, pamoja na kile kikopo cha saluni, na usikifiche kwa aibu.